Wapangaji Wawili

Hotuba kwa wakazi wa kata za Mirongo na Pamba, jijini Mwanza

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, mwangaluka.

Mwenyekiti wetu ameniita nizungumze juu ya mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na naona wengine mmekuja na hati zenu ndani ya bahasha za kaki, zimekunjwa vilevile kama wazazi walivyoziacha. Zirudisheni mkobani kwanza. Kwenye hati nitafika. Nataka nianze na neno.

Kwa Kiswahili, mtu anayekodi chumba ni mpangaji. Na yule aliyesomea michoro ya miji, anayesema hapa pawe nyumba na pale pawe duka, naye ni mpangaji. Mimi nimekuwa wote wawili. Nimezaliwa kwenye chumba cha kupanga hapahapa Mirongo, na nimestaafu nikiwa mpangaji miji. Katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki kikao hata kimoja ambacho wapangaji hawa wawili walikaa meza moja. Jina wanashirikiana, lakini hawajuani. Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa ya Kiswahili, kama nyingi mnazozijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma, na uani vyumba vingine vitatu vidogo, jiko, bomba moja na choo. Mwenye nyumba tulimwita Bibi. Alikuja kutoka Ukerewe akiwa binti, akauza samaki wa kubanika, akaweka senti juu ya senti hadi akapandisha hiyo nyumba. Yeye alikaa chumba cha kwanza kulia, ili aone anayeingia na anayetoka. Vyumba vilivyobaki ndivyo vilivyomlisha uzeeni.

Tulikuwa kaya saba. Kulikuwa na kuli wa bandarini na mkewe. Kulikuwa na muuguzi wa hospitali ya Bugando, ambaye kila mtoto aliyeungua au kuvimba shingo alipelekwa mlangoni kwake kwanza kabla ya kupandishwa kilimani. Kulikuwa na mama ntilie aliyeamka saa kumi alfajiri, na moshi wa jiko lake ndio ulikuwa saa yetu ya kuamkia. Kwenye baraza alikaa fundi cherehani. Hakulala pale, alilipia baraza tu. Na chumba cha mwisho alikaa mama muuza dagaa.

Niseme kidogo juu ya mama huyu. Mnajua dagaa huvuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inakaa. Kwa hiyo fedha yake ilikuja na giza na kukatika na mwezi. Bibi hakuwa na kalenda ya kodi kwa mpangaji yule. Alikuwa akitazama juu. Mwezi ukiwa mpevu, Bibi hakumdai. Giza likiingia, mama mwenyewe alibisha hodi na fedha mkononi, na fungu la dagaa juu yake. Hakuna mkataba ulioandikwa wa namna hiyo. Hakuna mwenye ghorofa wa leo, hata awe na moyo wa dhahabu, anayeweza kukusanya kodi kwa kutazama mwezi, kwa sababu yeye mwenyewe anadaiwa benki tarehe ileile kila mwezi.

Nyumba ile haipo tena. Bibi alifariki, kiwanja kikabadilishwa matumizi, warithi wakauza, likasimama jengo la maduka. Silaumu mtu. Ila ninapopita pale huwa najiuliza kaya saba zile zilihesabiwa wapi, na nani. Jibu nalijua, kwa kuwa kazi hiyo nimeifanya. Hazikuhesabiwa popote.

Sasa tuingie kwenye yenyewe. Kila kiwanja kilichopimwa kina matumizi yake, yameandikwa kwenye hati na kuonyeshwa kwenye mchoro wa mipango miji: makazi, biashara, makazi na biashara, taasisi, eneo la wazi. Kwenye mchoro tunayaonyesha kwa rangi. Rangi ikibadilika, siku hiyo hakuna tofali linaloguswa. Mtaalamu yuko ofisini na kompyuta yake, ninyi mko sokoni Makoroboi, jua linachoma kama jana. Kilichobadilika ni hesabu ya kiwanja. Jana bei ya kiwanja ilitokana na nyumba iliyopo juu yake. Leo inatokana na jengo linaloruhusiwa kusimama, hata kama jengo lenyewe bado ni ndoto. Nyumba ya Bibi, iliyokuwa mali, inageuka kuwa kazi ya kusafisha.

Baada ya hapo mambo huenda polepole, na ndiyo maana watu hawayaoni. Dalali wa kwanza anakuja kusalimia. Kodi ya pango la ardhi, ambayo hutegemea matumizi, inapanda. Mwenye nyumba anaacha kuziba paa, maana paa la kuvunjwa halizibwi. Choo kinajaa, mpangaji analalamika, anaambiwa avumilie. Mpangaji mzuri anahama, anakuja wa muda. Miaka michache ikipita, mtaa umechoka kweli, na mtu akisimama kikaoni akasema mtaa huu ni chakavu ubomolewe, hana uongo. Uchakavu ule umeletwa na karatasi kabla haujaletwa na mvua. Nimeyaona haya kwa macho yangu, na ningependa kila mmoja hapa ayatambue mapema, wakati bado ni salamu ya dalali.

Rangi hubadilika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya eneo zima: halmashauri inaandaa mpango wa uendelezaji upya, mtaa wote unachorwa upya. Hiyo ina kelele zake, na Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka ifanywe hadharani, mchoro uonekane na maoni yapokelewe. Ya pili ni ya kiwanja kimojakimoja. Mwenye kiwanja anaomba, linatolewa tangazo, asipopinga mtu kibali kinatoka. Kisha jirani naye anaomba, anatoa mfano wa mwenzake. Njia hii ya pili ndiyo iliyogeuza mitaa mingi ya zamani nchini, na ni ya kimya. Siku mtaa unapozinduka, viwanja 10 vya kona vimeshaondoka.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana kugawa mji kwa mstari hakukuanza jana. Mwanza hii ya mjini tunaihesabu tangu 1892, Wajerumani walipoweka kituo chao hapa. Reli ikafika kutoka Tabora mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kutokea. Mji ukajaa maghala, maduka, vinu vya kuchambulia pamba, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana kuwa shirikisho moja kubwa la Victoria. Jina la kata ya Pamba halikuokotwa. Jina la Makoroboi nalo linatokana na koroboi, zile taa za mafuta ya taa zilizotengenezwa kwa makopo na mabati ya kuokota. Watu wetu waliishi kwa mikono yao katikati ya mji, na mji ukapata majina kwa kazi zao.

Lakini mkoloni alikuwa na rangi zake za ramani. Mji wa Tanganyika ulikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini. Waingereza walipoandika kanuni zao hawakutaja ngozi ya mtu. Walitaja aina ya nyumba: hapa zijengwe nyumba za mtindo wa Ulaya, pale za biashara na makazi, kule za kienyeji. Asiyeweza kujenga nyumba ya mtindo wa Ulaya alijikuta yuko nje bila kufukuzwa na mtu. Nawaomba mlikumbuke hilo. Kanuni ikitaja jengo tu, watu hujichuja wenyewe. Mchoro wa leo ukisema eneo fulani ni la ghorofa tu, hauna ubaguzi hata chembe ndani yake, aliyeuchora anaweza kuwa mtoto wa mkulima wa Magu, na bado kesho yake wajukuu wa mama muuza dagaa watajikuta pembezoni, Kisesa au Buhongwa.

Baadaye, mwaka 1971, serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na sehemu ya majumba yale ya mjini yakawa ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilikuja kuingizwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Wazee mnakumbuka "nyumba za Msajili". Siingii kwenye siasa ya uamuzi ule, una maumivu yake kwa walionyang'anywa. Nataja tu kwamba kwa karibu miaka 20 swali la nani akae katikati ya mji na kwa kodi gani lilikuwa swali la taifa zima. Tulikuwa hata na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba. Ilifutwa mwaka 2005, na sidhani kama wapangaji wengi walisikia ikifutwa.

Wengine mtauliza: si kuna sheria ya mambo ya kale? Nyumba zetu ni za zamani, si zinalindwa? Nilidhani hivyo pia nilipokuwa kijana kazini. Nikaisoma. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda yenyewe majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa pigeni hesabu. Mji wetu umeanza 1892. Hakuna ukuta wa mjini Mwanza, wa Mjerumani, wa Mhindi wala wa Bibi kutoka Ukerewe, wenye umri wa kulindwa na tarehe ile. Sheria inampa waziri nafasi ya kutangaza majengo mengine, lakini lazima mtu aombe, apeleke maelezo, picha na historia. Zanzibar Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985 na dunia nzima inautazama. Kwetu, mtaa wa vibanda vya bati na maduka yenye tarehe zilizochongwa juu ya dari za baraza hauna wakili. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nilikuwa na nafasi ya kuandika ombi la namna hiyo na sikuandika. Niliona ni mitaa ya kawaida tu. Nilikuwa nimezaliwa humo.

Na kuna jingine nisilojisamehe. Katika mji mwingine, ambao sitautaja, nilipewa kazi ya kuchora upya mtaa wa zamani. Tulipita nyumba kwa nyumba na fomu. Fomu iliuliza jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, aina ya ukuta, aina ya paa, choo. Haikuuliza vyumba vingapi vimepangishwa. Haikuuliza barazani anakaa nani. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, na mimi niandike." Nikamuuliza kama yeye ndiye mmiliki. Akasema amepanga. Nikamjibu kwa upole kwamba fomu hii ni ya wamiliki. Nikaenda nyumba ya pili. Mchoro ukapita, mtaa ukajengwa, na ukiutazama leo ni mzuri. Lakini yule mama, mimi ndiye niliyemfuta. Haikuhitaji katapila.

Sina ugomvi na ghorofa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.1 katika wilaya zetu mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja. Vilima vimejaa hadi juu ya mawe, kule Mabatini, Igogo na Isamilo, ambako mamlaka ya maji ililazimika kubuni mitandao midogo ya majitaka ya kupita katikati ya majabali kwa kuwa magari ya kunyonya vyoo hayafiki. Mji usipopanda juu utaendelea kutambaa kwenye mashamba na kwenye ziwa. Jiji lina Mpango Kabambe wa 2015 hadi 2035, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Singapore, na mji wenye mpango ni bora kuliko mji usio nao. Ninachodai ni kwamba ghorofa ikipanda, mama muuza dagaa awe na mlango humo, au angalau awe na jina kwenye karatasi kabla hajahamishwa.

Tazameni Kariakoo, Dar es Salaam. Mtaa wa nyumba za Kiswahili kama zetu, uliruhusiwa kwenda juu, na leo kiwanja cha familia moja kina maduka na maghala hadi chini ya ardhi. Fedha iliyopatikana ni nyingi, siikatai. Lakini mabomba, mifereji na barabara za mtaa wa nyumba za chini zilibaki kubeba mzigo wa maghorofa. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo moja liliporomoka pale na kuua zaidi ya watu 20, wengi wao wakiwa watu waliokwenda tu kutafuta riziki asubuhi ya Jumamosi. Mtu anapowaletea mchoro wa ghorofa hapa Mirongo, pembeni ya mto unaofurika kila mvua kubwa ikinyesha, muulizeni majitaka yanakwenda wapi kabla hamjauliza bei. Na walio kando ya mto kabisa wajue kwamba Sheria ya Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 za hifadhi kutoka kingo za mto au ziwa. Asije mtu akawauzia ndoto ndani ya mita hizo.

Fidia. Najua ndilo neno mlilokuja nalo. Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zikaweka mafungu yake: thamani ya ardhi, maendelezo, posho ya usumbufu, usafiri, faida ya biashara iliyopotea, na posho ya makazi inayopigiwa hesabu kwa kodi ya soko ya miezi 36. Ni sheria nzuri kuisoma. Ila mfahamu inahusu utwaaji. Mwekezaji akija kununua kiwanja kwa hiari baada ya rangi kubadilika, hiyo ni biashara ya watu wawili. Mwenye nyumba anapata bei. Mpangaji anapata notisi, na akikosa mkataba hata notisi huipata kwa mdomo, kwenye korido, akiwa na ndoo mkononi. Hapo hakuna miezi 36 ya mtu yeyote.

Kwa hiyo ninyi wenye nyumba, sasa toeni hizo hati. Nyingi zimeandikwa jina la marehemu. Kabla ya jambo lolote, nendeni mahakamani msimamizi wa mirathi ateuliwe, na kikao cha ukoo kiandikwe. Dalali anapenda nyumba ambayo ndugu hawasemezani; humchukua mmoja, akampa kishika uchumba, na ndugu wanapokutana tena wanakutana kortini. Na mwekezaji akisema, nipe kiwanja nijenge, nitakupa sakafu mbili, msikubali ahadi ya mdomo wala karatasi ya mtaani. Tangu 2008 tuna sheria ya umiliki wa sehemu ya jengo: kila sehemu inaweza kuwa na hati yake. Dai hati ya sakafu zako, na iandikwe kwenye mkataba itatoka lini. Mzee wangu mmoja wa hapa alihesabu vizuri akasema hatauza, ataomba mkopo ajenge vyumba juu ya vyumba. Nadhani ana akili kuliko wengi wetu. Bibi angemuunga mkono.

Ninyi wapangaji, andikeni mikataba, hata ya ukurasa mmoja. Na tangazo la kubadilisha matumizi likibandikwa kwenye kiwanja mnachoishi, nendeni mkapeleke maoni kwa maandishi. Msiambiwe kwamba hayawahusu kwa kuwa hamna hati. Peleka nakala mbili, moja wabaki nayo, moja wagonge muhuri wa kupokea urudi nayo nyumbani. Maneno yaliyosemwa kikaoni hufa na kikao, mimi nimeandika mihtasari na najua tulichokuwa tunaruka.

Zaidi ya hayo yote ninalo ombi moja, na ndiyo sababu nilimwomba mwenyekiti atafute meza.

Pale mlangoni kuna madaftari sita. Mwenye nyumba na mpangaji, waandike wote, kila nyumba ukurasa wake. Vyumba vingapi. Kaya ngapi. Nani yuko barazani. Kila mmoja anafanya kazi gani na anaifuata wapi: soko la samaki la Mwaloni, bandarini, Bugando, Makoroboi. Watoto wanasoma shule gani na wanakwenda kwa miguu au kwa daladala. Kodi analipa kwa mwezi, kwa miezi sita, au kwa giza. Mwenye aibu ya kuandika amwambie mwanafunzi aliyekaa pale, atamwandikia. Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutayapeleka kwa mtendaji wa kata, tutaomba muhuri kwenye kila jalada, na nakala moja nitaipeleka mwenyewe kwa vijana wangu wa mipango miji, ambao wengine niliwafundisha kazi. Nitawaambia fomu yetu ilikuwa na kasoro, na hii hapa sehemu iliyokosekana.

Ukurasa wa kwanza wa daftari la kwanza nimeshaujaza. Nimeandika nyumba ya Bibi, jinsi ninavyoikumbuka, vyumba tisa, kaya saba, fundi cherehani barazani. Muuguzi nimemwandika, kuli na mkewe, mama ntilie, mama wa dagaa. Na mwishoni nimemwandika yule mama wa mji mwingine, ingawa hakuwa wa nyumba ile, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kumwandika.

Wabeja, asanteni. Kalamu ziko pale, anzeni na wazee.